Sauti ya Karibu

Wanadamu wana desturi ya kuipima sauti kwa umbali inakofika. Anayesikika katika nchi nzima huitwa mkubwa, na anayesikika katika mtaa mmoja huitwa mdogo. Wala si wengi wanaotua wakauliza kama yule mkubwa amesema neno lolote la kumfaa anayemsikiliza. Kipimo hiki kina ukweli ndani yake, maana sauti isiyofika haina faida. Lakini kufika kuna namna mbili. Liko neno linalofika sikioni likapita, na liko neno linalofika nyumbani likakaa. La kwanza hutaka nguvu. La pili hutaka ujirani.

Marekani ina vituo vya televisheni ambavyo sheria yenyewe imevipa jina la udogo. Huitwa vituo vya nguvu ndogo. Vimeenea toka miji mikubwa mpaka miji midogo ya wakulima, na baadhi yavyo husema Kihispania mchana na usiku. Mtu atafutaye mfano wa lugha iliyo kubwa kwa idadi ya wasemaji wake na ndogo kwa cheo chake hahitaji kwenda mbali zaidi ya mnara wa kituo kimoja cha namna hii. Hesabu ya watu ya mwaka 1980 katika nchi hiyo iliona watu milioni 14.6 wenye asili ya mataifa ya Kihispania; ile ya mwaka 2020 iliona milioni 62.1. Wanaozungumza Kihispania majumbani mwao wamezidi milioni 40. Mataifa mengi yenye bendera na wimbo wake hayana watu kiasi hicho.

Kwanza yafaa ijulikane nguvu ndogo maana yake ni nini. Tangu mwaka 1956 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilikuwa imekubali mitambo midogo ijengwe juu ya vilima, idake matangazo ya kituo cha mbali, na kuyarusha tena kwa watu wa mabondeni ambao milima iliwakinga. Mitambo hiyo ilikuwa kama mwangwi: ilirudia yaliyosemwa, wala haikuwa na neno lake yenyewe. Mwaka 1982 Tume ikaanzisha daraja jipya, na mwangwi ukapewa kinywa. Chama au kanisa, chuo au mfanyabiashara wa mji mdogo, aliweza sasa kuomba leseni na kutangaza vipindi alivyovitengeneza mwenyewe. Gharama za mtambo na mnara zilikuwa haba zikilinganishwa na za kituo kikubwa, na kwa sababu hiyo maombi yalimiminika kwa maelfu hata ikalazimu leseni zigawanywe kwa kura ya bahati.

Udogo wenyewe ni huu. Katika masafa ya UHF kituo kikubwa cha siku hizi huweza kuruhusiwa kurusha kwa nguvu ya kilowati 1,000. Kituo cha nguvu ndogo hakiruhusiwi kupita kilowati 15. Katika masafa ya VHF mpaka wake ni kilowati 3. Mawimbi haya huenda karibu kama mtazamo wa jicho: yakikuta kilima hukoma, yakikuta majengo marefu hudhoofika. Kwa hiyo mkubwa huhutubia wilaya nyingi kwa mara moja, na mdogo huhutubia mji mmoja na viunga vyake.

Lakini upungufu wa kilowati ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni cheo. Sheria imekiweka kituo cha nguvu ndogo katika daraja la pili, na maana ya daraja hilo ni masharti matatu. Kisimwudhi mkubwa kwa mawimbi yake. Mkubwa akikiudhi, kivumilie. Na mkubwa akiihitaji nafasi kilipokaa, kiondoke. Tena makampuni ya televisheni ya waya, ambayo kwa kawaida hulazimishwa kuvichukua vituo vikubwa vya mji, hayalazimishwi kukichukua kidogo ila katika hali chache sana. Hali yake ni ya mtu aliyeruhusiwa kukaa mkekani barazani kwa mwenye nyumba, kwa ahadi kwamba wageni wenye viti wakija yeye atakunja mkeka wake bila kunung'unika.

Kihispania kilikuwa kimezoea kukaa mkekani hata kabla ya daraja hili kuwako. Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, alikaa Raoul A. Cortez, mzaliwa wa Meksiko, ambaye mwaka 1946 alifungua kituo cha redio cha Kihispania kilichoitwa KCOR. Mwaka 1955 akaongeza televisheni, KCOR-TV, katika chaneli ya 41. Hicho kilikuwa kituo cha kwanza cha Kihispania katika majimbo ya bara ya Marekani. Kwa sheria hakikuwa cha nguvu ndogo, lakini kilikaa katika masafa ya UHF, na wakati ule televisheni nyingi zilizouzwa hazikuweza kupokea chaneli iliyopita ya 13. Aliyetaka kukiona kituo cha Cortez ilimpasa anunue kifaa cha kuongeza juu ya televisheni yake. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji watie chaneli zote ndani ya kila televisheni ilipitishwa mwaka 1962, ikaanza kutumika mwaka 1964. Cortez hakuweza kuingoja. Mwaka 1961 aliuza kituo chake kwa kundi la watu, miongoni mwao mkwewe Emilio Nicolás na tajiri wa matangazo wa Meksiko, Emilio Azcárraga Vidaurreta. Kutoka katika kituo hicho, kilichopewa jina jipya la KWEX, pamoja na KMEX kilichofunguliwa Los Angeles mwaka 1962, ulikua mtandao ambao tangu mwaka 1987 huitwa Univision.

Mtandao ulipokua uliikuta miji mingi imekwisha kugawanywa. Chaneli nzuri zilikuwa na wenyewe tangu zamani, na wenyewe hao walisema Kiingereza. Hapo ndipo nguvu ndogo ilipopata kazi ambayo pengine waliotunga kanuni zake hawakuitia maanani. Hata Washington, mji mkuu wa taifa, palipita miaka mingi ambayo Univision na Telemundo ziliwafikia watazamaji kwa njia ya vituo vya nguvu ndogo. Ni jambo la kufikiriwa kwamba katika mji ule ule ambamo sheria za masafa hutungwa, lugha ya pili ya taifa kwa wingi wa wasemaji ilikuwa ikisema kutoka mkekani.

Atakayetembelea kituo cha namna hii asitarajie jumba. Mara nyingi atakuta vyumba vichache kando ya barabara ya maduka, au orofa ya nyumba ya ofisi, na studio isiyozidi ukubwa wa darasa. Mtu mmoja hufanya kazi ya watu watatu: asubuhi huuza matangazo ya biashara kwa wenye maduka ya mikate na mafundi wa magari, mchana hushika kamera, jioni husoma habari. Mnara uko mbali kidogo, juu ya kilima au juu ya paa la jengo refu. Sehemu kubwa ya siku hujazwa na vipindi vya mtandao, navyo ni tamthilia, mpira, muziki, na habari za taifa kutoka pande za Miami. Katikati ya vipindi hivyo hutiwa vya nyumbani: misa ya Jumapili, mkutano wa halmashauri ya mji, siku ya chanjo, barabara iliyofungwa, mahali pa kujifunza Kiingereza usiku, na jina la shule itakayofungua milango wiki ijayo.

Na afikiriwe mama mmoja katika bonde la mashamba, ambaye kutwa husimama katika ghala la kufunga mboga. Arudipo nyumbani hufungua televisheni. Mtandao mkubwa humweleza habari za rais wa nchi aliyotoka na za rais wa nchi aliyoingia. Hayo ni mema kuyajua, lakini hapana hata moja analoweza kulifanyia kazi kesho asubuhi. Kisha huja dakika chache za kituo cha mji wake, naye huambiwa kwamba maji ya mtaa fulani yasinywewe mpaka yachemshwe. Hapo huinuka, akaweka sufuria jikoni. Wanaopima televisheni kwa wingi wa watazamaji hawana safu ya kuandikia sufuria ile. Lakini ikiwa kazi ya lugha ni kumwezesha mtu kutenda, basi dakika hizo chache zimefanya kazi ambayo saa nyingi za fahari hazikuifanya.

Haifai, hata hivyo, kuvisifu vituo hivi kupita kiasi. Viko vinavyouza saa zao kwa wachuuzi wa dawa za kila ugonjwa na wahubiri wa kila faida. Viko ambavyo havina studio wala msomaji wa habari: ni sanduku la mitambo lililofungwa kwa kufuli juu ya kilima, na mwenye leseni yuko jimbo jingine. Hapo kinywa kilichotolewa mwaka 1982 kimerudi kuwa mwangwi. Bunge la Marekani lilipotunga sheria ya kuvilinda vituo vidogo mwaka 1999 lilijaribu kutenga ngano na makapi. Lilisema kwamba kituo kilichokuwa kikitangaza angalau saa 18 kwa siku, na ndani ya wiki kikitoa wastani wa angalau saa 3 za vipindi vilivyotengenezwa katika eneo lake chenyewe, kiweze kuombewa daraja la A na kupata ulinzi karibu sawa na wa wakubwa. Mwenye haraka atacheka akisikia saa 3 katika saa 168 za wiki zikifanywa kipimo cha utumishi. Lakini sheria hiyo iliona jambo la maana: ilitambua kwamba heshima ya kituo kidogo haitoki katika nguvu zake, ila katika saa zile zinazozaliwa nyumbani.

Tena ziko siku ambazo si saa tatu, bali dakika tatu, ndizo mpaka wa uhai na mauti. Magharibi ya Texas kuna kijiji kiitwacho Saragosa, ambacho wakazi wake mwaka 1987 walikuwa karibu wote ni watu wa asili ya Meksiko, na Kihispania kilikuwa lugha ya nyumba zao. Jioni ya tarehe 22 Mei mwaka huo wazee na wazazi walikusanyika katika ukumbi wa kanisa kuwashangilia watoto wadogo waliokuwa wakimaliza masomo yao ya awali. Mawingu yalikuwa yamejikusanya, na wachunguzi wa hali ya hewa walikuwa wametoa onyo. Ukaja upepo wa kuzunguka, ule ambao ukiwa mdogo wa kurusha mavumbi Waswahili huuita chamchela. Lakini huu ulikuwa wa kung'oa kuta. Watu 30 walikufa, na 22 miongoni mwao walikuwa katika ukumbi ule. Wengi walikutwa wamewafunika watoto kwa miili yao.

Wataalamu waliochunguza msiba huo baadaye hawakusema kwamba onyo halikutolewa. Walisema kwamba halikuwafikia watu wengi wa kijiji, na lugha ilikuwa mojawapo ya sababu. Hapa ndipo tofauti ya kufika sikioni na kufika nyumbani inapoacha kuwa maneno ya kupamba. Mtandao wa Kihispania unaotoka mamia ya maili unaweza kuwa na nguvu zote za dunia, lakini hauna jicho la kuliona wingu lililo juu ya kijiji kimoja. Kituo cha Kiingereza cha jirani kinaliona wingu, lakini kinasema kwa ulimi ambao bibi kizee hakulelewa nao. Anayehitajiwa ni wa tatu: yule aliye karibu kama wa pili na asemaye kama wa kwanza. Huyo ndiye kituo cha mahali kinachosema Kihispania, na mara nyingi huyo hupatikana tu pale ambapo nguvu ndogo imeruhusiwa kuishi.

Wanafunzi wa lugha wataona katika jambo hili somo la pili, nalo ni la tafsiri. Neno ambalo Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani imelitumia kwa Kihispania kwa onyo la tufani iliyokwisha kufika ni *aviso*. Kamusi hailikatai. Lakini uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba wasemaji wengi wa Kihispania wakilisikia hawaoni haraka ndani yake, kwani katika matumizi ya kila siku ni neno la taarifa na tangazo. Na tena mtu wa Meksiko, mtu wa Kuba na mtu wa Puerto Rico hawalipimi kwa mizani moja. Mswahili anaweza kulielewa jambo hili bila kutoka nyumbani kwake. Mtu akiambiwa, "Liko tangazo la mafuriko," huweza kumaliza chai yake kwanza. Akiambiwa, "Hadhari! Mafuriko!" humtafuta mtoto wake. Maneno hayo mawili yanahusu maji yale yale, lakini la kwanza humwacha mtu kitini na la pili humwinua.

Mtambo wa kutafsiri, au karani aliye mbali, hutoa neno la kamusi. Msomaji wa habari wa mji mdogo huwajua watu wake. Anajua walikotoka, anajua neno ambalo mama zao waliwaitia walipokuwa wakikaribia mto, naye huongeza kwa sauti yake kile ambacho maandishi hayana. Anaweza kutaja jina la daraja, la kanisa na la shamba. Kutaja jina la mahali ni nusu ya onyo, kwa kuwa mtu huamini kwamba anasemeshwa yeye pale asikiapo jina la njia apitayo. Hii ndiyo tafsiri ya kweli, ambayo haibadili maneno tu, bali huyafikisha.

Ikiwa manufaa ni hayo, msomaji atauliza vituo hivi vimetendewaje. Jibu ni kwamba mkeka umekunjwa mara nyingi. Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya Marekani viliacha matangazo ya analojia vikahamia ya dijitali. Serikali iligawa kuponi za dola 40 ili watu wa televisheni za zamani wanunue visanduku vya kubadili mawimbi. Vituo vidogo havikulazimishwa kuhama siku hiyo, na jambo hilo lilionekana kuwa huruma. Lakini vingi vya visanduku hivyo havikupitisha mawimbi ya analojia, kwa hiyo nyumba iliyofunga kisanduku ili iwaone wakubwa iliweza kumpoteza mdogo siku ile ile bila kujua sababu. Wala waliofunga visanduku hawakuwa matajiri wenye televisheni za waya. Walikuwa wale wale wanaotegemea antena, na miongoni mwao wasemaji wa Kihispania walikuwa wengi.

Kisha ukaja mnada. Simu za mkononi zilihitaji masafa, na kati ya mwaka 2016 na 2017 Tume iliendesha mnada ambamo vituo vya televisheni viliweza kuuza nafasi zao kwa makampuni ya simu. Fedha zilizopatikana zilifikia dola bilioni 19.8, na zaidi ya bilioni 10 zikalipwa vituo vilivyokubali kuachia. Chaneli za 38 mpaka 51 zikaondolewa katika televisheni, na vituo vilivyobaki vikasongwa katika nafasi iliyopungua, kazi iliyochukua mpaka mwaka 2020. Vituo vya daraja la A vilihesabiwa katika mnada huo. Vituo vya nguvu ndogo vya kawaida havikuhesabiwa: havikuwa na haki ya kuuza wala ya kulindwa. Kilichokuta chaneli yake imechukuliwa kilitafuta nyingine kikiipata, au kilishirikiana na mwenzake, au kilinyamaza. Mwaka 2018 Bunge lilitenga fedha za kuvirudishia gharama za kuhama vituo vidogo vilivyoondolewa, na hiyo ilikuwa haki iliyochelewa. Analojia ya vituo vidogo ikafungwa tarehe 13 Julai 2021.

Si haki kusema kwamba wakubwa walitenda haya kwa chuki. Masafa ni kama ardhi ya mji: hayaongezeki, na wanaoyataka huongezeka. Simu nazo zina faida yake, na pengine mama wa ghala la mboga anayo mkononi. Lakini iko tofauti kati ya kumhamisha mtu kwa sababu nafasi imebana na kumhamisha kwa sababu hakuandikwa miongoni mwa wenye nyumba. Wa kwanza huulizwa na kulipwa, wa pili huarifiwa. Na lugha ambayo mahali pengi imewekwa mikononi mwa hawa wa pili, yenyewe hujikuta ikiarifiwa.

Wako wasemao kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi kila mtu hupata habari kwa intaneti. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haijamaliza shauri. Intaneti huleta kila sauti isipokuwa ile ambayo hapana aliyeajiriwa kuisema. Ikiwa katika mji mzima hakuna mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kwenda kwenye mkutano wa halmashauri na kuueleza kwa Kihispania, hapana simu itakayoueleza, hata ikiwa ya thamani namna gani. Njia ya kupitishia habari si habari. Zaidi ya hayo, upepo ukiangusha nguzo na mitambo ya simu ikielemewa, mnara wenye jenereta yake huweza kuendelea kusema na kila mwenye antena, wala haudhoofiki kwa sababu wasikilizaji wameongezeka.

Mwaka 2023 ulianza kwa neno la faraja. Tarehe 5 Januari Rais Joe Biden alitia sahihi sheria iliyovifungulia tena vituo vya nguvu ndogo mlango wa daraja la A, mlango uliokuwa umefungwa baada ya sheria ya mwaka 1999. Lakini mlango huo haukufunguliwa wazi. Ulihusu vituo vilivyo katika masoko ya televisheni yasiyozidi nyumba 95,000, na miji mikubwa ambamo wasemaji wengi wa Kihispania wamejikusanya haiingii katika kipimo hicho. Mkeka wa kijijini ulipata nafasi ya kugeuzwa kiti. Wa mjini ulibaki mkeka.

Mwaka 2025 ukaonyesha kwamba swali la Saragosa halijazikwa. Tarehe 1 Machi Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani, nchi ambayo tangu kuundwa kwake haikuwa na lugha rasmi ya taifa zima. Mwanzo wa Aprili, Idara ya Hali ya Hewa ilisimamisha tafsiri zake zilizokuwa zikifanywa kwa mitambo, kwa kuwa mkataba wa kazi hiyo ulikuwa umekwisha. Kabla ya mwezi huo kumalizika ikatangazwa kwamba zitarudishwa. Mambo haya mawili hayana lazima ya kuwa na sababu moja, na ya pili ilidumu kwa wiki chache tu. Lakini mawingu hayangoji mikataba. Katika wiki kama hizo, usalama wa mtu asiyejua Kiingereza hutegemea kama mjini mwake yuko jirani mwenye kipaza sauti ambaye atasoma onyo la Kiingereza, akalielewa, na kuligeuza papo hapo kwa maneno ya nyumbani. Jirani huyo hawezi kuajiriwa siku ya tufani. Ni lazima awe alikwisha kuwapo, akisoma habari za chanjo na barabara kwa miaka, mpaka watu wakazoea kuamini sauti yake.

Hii ndiyo hesabu ambayo kilowati hazionyeshi. Imani ya msikilizaji hujengwa kidogo kidogo, kwa mambo madogo, katika siku zisizo na msiba. Kisha hutumiwa yote kwa jioni moja. Kituo kikichotangaza misa, mpira wa watoto na bei ya mikate kwa miaka kumi kimekuwa kikiweka akiba, hata kama waliokiona walidhani kinapitisha wakati. Akibaye si mbaya, na akiba ya namna hii haiwezi kuhamishwa pamoja na mnara. Kituo kikinyamazishwa leo na kingine kikafunguliwa kesho kwa nguvu mara mia, hicho cha pili kitaanza na mkono mtupu.

Basi taifa linalogawa masafa linagawa zaidi ya mawimbi. Linaamua ni nani atakayeonywa kwa sauti anayoijua na ni nani atakayeachwa asome mawingu peke yake. Mkubwa apewe kiti chake, kwa maana anahutubia wengi na kazi yake ni ya haki. Lakini mwenye nyumba aliye na busara hafikirii wingi wa viti tu. Hukumbuka pia yule aliyekaa mkekani karibu na mlango, kwa kuwa usiku wa hatari mara nyingi huyo ndiye wa kwanza kusikia, na ndiye ajuaye majina ya waliolala ndani.